Pampu ya Maji Iliyozuiliwa Ipuli

Ntalikwa, Tabora,
Jumatano, 15 Juni 1955

Kwa Mjomba Ambrosi, Katibu wa Umoja wa Lori la Ntalikwa,
na kwa wanachama wote wa kaya kumi na mbili.

YAH: KUZUILIWA KWA PAMPU YA LORI LETU, KUCHUKULIWA KWA KUKU, NA KUDHALILISHWA KWA MSOMI

Ndugu zangu katika jasho, wenzangu katika kudai haki, enyi wenye lori!

Shikamooni nyote mnaostahili shikamoo. Nanyi mliobaki, pokeeni salamu za mapambano. Nawaandikia nikiwa nimeketi juu ya bampa ya lori letu, ambalo boneti yake iko wazi kama kinywa cha mtu aliyeng'olewa jino kisha akanyimwa hata jino lenyewe. Jino hilo ni pampu ya maji. Liko Ipuli, juu ya rafu katika karakana ya Fundi Lukumani, na limezuiliwa huko kwa masharti ambayo mtu huru hawezi kuyasikia akabaki ameketi. Mimi nimeketi kwa sababu tu naandika.

Nawakumbusha lililo mbele yetu. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, dada yangu Marcelina anafunga ndoa katika kanisa la Usoke. Bwana harusi yuko Usoke, padre yuko Usoke, na ng'ombe wa karamu amefungwa Usoke. Bibi harusi yuko hapa Ntalikwa, pamoja na watu arobaini, vyungu sita vya pombe ya mtama, na shangazi zetu wawili wenye magoti mabaya. Treni ya kwenda huko haipiti kwa saa inayopatana na misa. Lori ndilo tegemeo letu la pekee, na lori lisilo na pampu ya maji ni kibanda chenye magurudumu.

Kabla ya malalamiko, niruhusuni niweke historia mahali pake, maana harakati nyingi zimekufa kwa kuanzia katikati.

Nilifika likizo kutoka Chuo Kikuu, Kampala, Jumamosi ya tarehe 4, kwa meli hadi Mwanza na kwa treni hadi Tabora. Baba mdogo Hilari, dereva wetu, alinipokea stesheni. Siku hiyo hiyo, kwa moyo wa kujitolea, nilifungua boneti na kukagua mali ya umma. Nilichokikuta ni ulegevu. Nati za taa zilikuwa zimelegea, nikazikaza. Waya za betri zilikuwa zimelegea, nikazikaza. Mkanda wa feni, ule unaozunguka kutoka chini ya injini ukaiendesha feni, pampu ya maji na dainamo kwa pamoja, niliubonyeza kwa kidole, nao ukaingia ndani nusu inchi. Nusu inchi ya uzembe! Nikalegeza bolti ya dainamo, nikaisukuma dainamo nje kwa mpini wa jembe kwa nguvu zangu zote, nikaikaza hapo, mpaka mkanda ukiuchapa kidole unalia kama uzi wa zeze. Baba mdogo Hilari alikuna kichwa akasema, "Anton, mwanangu, mkanda huo huachiwa nafasi kidogo ya kupumua." Nikamjibu kwamba taifa halijengwi kwa nafasi ndogondogo. Ninayataja haya si kwa kujisifu, bali kuonyesha kwamba lori letu lilipoanza kuugua lilikuwa limekwisha kupata uangalizi wa mtu aliyesoma.

Siku ya nne ikaanza sauti. Mwanzoni ilikuwa ng'wiii nyembamba, asubuhi tu, injini ikiwa baridi. Kisha ikaja kwaru-kwaru-kwaru, na kufikia Jumatatu ya juzi zote mbili zilikuwa zikiimba pamoja tangu Ntalikwa hadi mjini. Niliichunguza sauti hiyo kwa utaratibu. Nilisimama mbele ya lori, nikasimama kushoto, nikasimama kulia, na kila mahali niliandika. Hitimisho langu lilikuwa kwamba sauti inatoka katika gia, na kwamba chanzo chake ni vipuri duni ambavyo wakoloni hutuuzia wakijua hatuna pa kuvirudisha. Jumatatu jioni niliwahutubia wengi wenu juu ya jambo hilo kwa saa moja na nusu, injini ikiwa inanguruma nyuma yangu kama kielelezo. Mlipiga makofi. Mwishoni mwa hotuba rejeta ilichemka na maji yakamwagika miguuni pa Mjomba Katibu. Nilisema huo ni ushahidi wa pili, nanyi mkapiga makofi tena.

Jana Jumanne, bila azimio la mkutano wowote, baba mdogo Hilari alimwita Fundi Lukumani. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

1. Kuhusu salamu. Fundi Lukumani ni mtu wa umri wa marehemu baba yangu, Mzaramo aliyezaliwa hapahapa Tabora, na babu yake, kwa maneno yake mwenyewe, alipanda huku kutoka pwani akifuata msafara. Alifika kwa baiskeli, kibegi cha spana kikining'inia. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote. Badala ya marahaba alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kisimani, "Eee, mpagazi mwenye miwani! Mzigo umeutua wapi?" Wenzangu! Babu zetu walibeba pembe na nguo kwa mabega yao kutoka hapa hadi baharini. Barabara hii tunayoilalamikia mashimo ilikanyagwa kwanza na nyayo zao. Na leo jina lao linatupwa usoni pa mjukuu wao kama kikohozi, tena na mtu ambaye babu yake aliijua njia ya Tabora kwa kufuata migongo yao! Nilimtazama mama ili nione uchungu wangu machoni pake. Alikuwa akicheka mpaka ameshika ukuta.

2. Kuhusu kipimo. Fundi hakuomba kitabu wala daftari langu lenye maandishi ya sauti zote. Aliomba mwiko. Mama akampa mwiko wake wa ugali. Akaliwasha lori, akaweka ncha ya mpini wa mwiko juu ya chuma, na bapa lake akalibana sikioni. Alipogusa gia alisema, "Hapa pamelala." Alipogusa dainamo alisema, "Huyu anakoroma, lakini si ugonjwa." Alipogusa pampu ya maji alirudisha kichwa kama mtu aliyeumwa na siafu. Kisha akaninyooshea mwiko: "Njoo usikie mwenyewe, msomi." Nilikataa kwa msimamo, kwa kuwa kuupokea mwiko huo kungekuwa sawa na kuifuta hotuba ya saa moja na nusu. Akampa mama. Mama akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Analia, maskini." Hivyo ndivyo maradhi ya mali ya kaya kumi na mbili yalivyothibitishwa: na watu wawili wasio na cheti, na mwiko mmoja uliokuwa bado na ukoko. Mama anasema ameuosha mara mbili. Ugali wa jana ulikuwa na ladha ya oili.

3. Kuhusu lugha ya mafumbo. Injini ilipozimwa, fundi alishika bapa la feni akalitikisa, nalo likacheza huku na huku. "Beringi ya pampu imekwisha," akasema, yaani zile gololi za chuma ambazo mhimili wa pampu huzungukia. Sawa. Kuisha ni kuisha. Mimi si mtu wa kubishana na chuma. Lakini nilipomtaka, kisayansi, ataje chanzo, aliwageukia watu waliokusanyika akasema, "Huyu amekabwa koo. Tena amekabwa na mtu mwenye viganja laini." Halafu akauchapa mkanda kidole, akausikiliza ukilia, akaitazama mikono yangu kwa muda mrefu, akamwuliza mama kama katika nyumba hii kuna mpiga zeze. Nilimjibu mimi mwenyewe kwamba hapana. Watu wakacheka, baba mdogo Hilari akageuka kuitazama barabara. Nimeyaandika maneno hayo neno kwa neno kwa sababu naamini ni vitisho vilivyofichwa, na mwenye kuweza kuvifumbua na ajitokeze mkutanoni.

4. Kuhusu kuku. Alipokwisha kuing'oa pampu na kuifunga kwenye gunia, Fundi Lukumani alipita uani, akainama, akamkamata yule tembe wa madoadoa, mtagaji bora wa mama, akamfunga miguu na kumning'iniza kwenye usukani wa baiskeli. Hakuomba. Hakueleza. Ilikuwa saa sita mchana, jua likiwa utosini na mashahidi wasiopungua ishirini. Mama alitoka jikoni mbio akipiga kelele: "Mwizi we! Mla papa! Kwenu mkia wa papa ndiyo nyama, leo umeona manyoya macho yamekutoka!" Nikajiambia, hatimaye mwananchi ameamka! Nikapiga hatua mbele ili nisimame bega kwa bega naye. Ndipo nikaona amebeba nini mkononi. Alikuwa amemletea mwizi kibaba cha karanga, za kuungia kuku.

Wenzangu, nimesoma juu ya dhuluma za nchi nyingi. Sijasoma popote juu ya mtu aliyezoea kuibiwa hadi akamfungashia mwizi kiungo cha mchuzi.

5. Kuhusu utetezi mtakaouleta. Najua mtasema, "Lakini Mzaramo ni mtani wetu." Hapo mmeingia katika uwanja wangu. Mwaka jana niliandika insha ya kurasa kumi na moja juu ya jambo hilihili. Nilithibitisha kwamba utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulizaliwa na misafara, wakati wapagazi wetu walipokatiza nchi yao wakienda pwani, wakahitaji njia ya kutukanana bila kuuana na ya kuchukuliana chakula bila kushtakiana. Misafara iliuawa na reli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kwa hiyo utani ulikufa mwaka 1912. Mwalimu wangu aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Je, umewauliza watani wenyewe?" jambo ambalo nililichukua kuwa swali la mtindo tu. Hoja inabaki imesimama: kitu kilichokufa mwaka 1912 hakiwezi kuchukua kuku mwaka 1955.

6. Kuhusu sharti lenyewe. Leo alfajiri baba mdogo Hilari alikwenda Ipuli kuichukua pampu. Ilikuwa tayari. Beringi mpya imetiwa, anasema ukiizungusha kwa mkono haitoi hata mnong'ono. Lakini alirudi mikono mitupu, akiwa na ujumbe huu: "Pampu haitoki kwangu mpaka mpagazi mwenye miwani aje mwenyewe na jogoo mweupe, aibebe kichwani, kwa miguu, toka hapa Ipuli, apite nayo sokoni watu wamwone, mpaka Ntalikwa, akiimba wimbo wa safari. Kama wimbo haujui, mama yake anaujua." Maili kumi! Baba mdogo alijitolea kuibeba yeye. Akaambiwa mabega yake hayana kosa.

7. Marcelina, alipoelezwa sharti hilo, aliweka chini gauni alilokuwa akilishona upindo, akasema tu, "Kaka, mimi Jumamosi naolewa." Hiyo si hoja. Nimeitafutia misingi, sikuiona.

Kwa sababu hizo, ninauomba Umoja upitishe maazimio yafuatayo. Kwanza, Fundi Lukumani anyimwe kugusa kila kitu chetu chenye gurudumu, baiskeli na toroli zikiwamo. Pili, utani wote katika eneo la Ntalikwa usimamishwe hadi siku tutakapojitawala, ambapo tume maalumu itaketi na kuamua kama una manufaa. Tatu, kwa kuwa nchi hii iko chini ya udhamini, tupeleke ombi rasmi kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, tukiambatisha maelezo ya mama, mchoro wa pampu, na picha ya kuku ikiwa atapatikana angali hai. Na tulitake Baraza lifike Ipuli kabla ya Jumamosi saa nne. Nne, iwapo Baraza litachelewa, harusi iahirishwe hadi uhuru. Juu ya azimio hili la nne sijazungumza bado na mtu, lakini Marcelina ni msichana aliyemaliza darasa la nane, na naamini ataona kwamba furaha ya mtu mmoja haiwezi kusafiri kwa pampu iliyonunuliwa kwa heshima ya wengi. Bwana harusi naye aarifiwe kwamba yuko huru kabisa kupambana akiwa Usoke.

Ili asije mtu akasema tulimpiga adui mgongoni, nakala ya barua hii naipeleka Ipuli leo hii mwenyewe, kwa baiskeli ya baba mdogo, nimkabidhi mtuhumiwa mkononi. Nakala yenu ataisoma Mjomba Katibu kesho Alhamisi, saa kumi alasiri, mbele ya boneti. Kila mtu aje na kigoda chake.

Nisalimieni shangazi wote wawili na magoti yao. Nisalimieni wazee wa kanisani, na jirani zetu Waislamu wa upande wa kisimani ambao ng'ombe wao walilivuta lori letu Jumatatu bila kuuliza lina itikadi gani. Msalimieni bibi yangu Tekla. Mwambieni nimesikia alivyocheka aliposimuliwa habari ya kuku, na kwamba kucheka si jibu.

Ni mimi niliyesimama nanyi na ambaye bado sijaketi, isipokuwa kwenye bampa,

Anton Kashindye,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Chuo Kikuu, Kampala;
kwa sasa, kwa Mama Paskazia, Ntalikwa.

NYONGEZA, Alhamisi asubuhi. Mjomba Katibu, tafadhali soma sehemu hii kwanza.

Wakati nikiondoka jana, mama alinifungia kikapu nyuma ya baiskeli, kimeshonwa mdomo, akasema nimpe fundi, ni majibu ya barua. Nikamwambia barua ni yangu na haijajibiwa. Akasema nenda tu. Njiani kikapu kiliwika mara mbili. Sikukifungua, kwa kuwa hakikuwa changu.

Fundi Lukumani alikuwa peke yake karakanani. Alinawa grisi kwanza, kisha akaisoma barua yote, ukurasa baada ya ukurasa, bila kucheka. Mahali pa kuku tu ndipo aliposimama kunisahihisha: hajamla, tena asubuhi hiyo alikuwa ametaga. Halafu akaniwekea mkononi beringi ya zamani. Ilikuwa imelika upande mmoja peke yake, upande ule unaovutwa na mkanda. Akanipeleka kwenye gari lingine zima, akachukua kidole changu mwenyewe, akaubonyeza nacho mkanda wake wa feni. Uliingia ndani nusu inchi.

"Hivi ndivyo unavyokaa," akasema. "Ukikazwa mpaka ulie, unaivuta pampu kila lori linapokwenda, na beringi inaliwa. Jana nilikwambia yote haya, mtani. Lakini mbele ya mama yako na watu wote wale ningekutajaje? Mtani hamtangazi mtani wake. Anamcheka mpaka ajijue."

Nikaukumbuka mpini wa jembe.

Wenzangu, ukoloni una mengi ya kujibu, na nitayataja yote siku nyingine. Lakini mkanda ule niliukaza mimi. Malalamiko namba moja hadi sita nayaondoa. Namba saba nimeitafakari upya na kuikuta kuwa hoja, tena hoja pekee katika barua nzima.

Kwa hiyo nilikabidhi kikapu, nikaiacha baiskeli, nikatengeneza kata ya majani, nikajitwisha pampu. Si nzito. Kilicho kizito ni yadi mia za kwanza. Sokoni muuza mihogo mmoja, Mwamvita, aliniuliza napeleka wapi pembe ya ndovu fupi namna hiyo, na nilipomweleza akaacha biashara yake akanifundisha kiitikio, kisha wenzake wakanifundisha ubeti wa pili, ambao siwezi kuuandika mahali Mjomba Katibu atakapousoma kwa sauti. Hadi nafika Ntalikwa jua likizama nilikuwa naujua wimbo wote. Mama alikuwa amesimama njiani akiuitikia. Insha yangu italazimika kuandikwa upya kuanzia ukurasa wa kwanza.

Baba mdogo Hilari aliifunga pampu jioni ileile. Niliruhusiwa kumshikia taa na kumpa spana, si zaidi. Lori likawashwa. Marcelina, gauni likiwa begani, aliuchukua mwiko akalisikiliza lori mwenyewe pande zote. "Kimya," akasema, akaniangalia, akaniambia, "Asante, mpagazi." Nilipokea jina hilo kama cheti.

Mkutano wa leo saa kumi umefutwa na maazimio yote manne hayapo. Badala yake tunakusanyika Jumamosi, saa kumi na mbili kamili asubuhi, hapahapa kwenye lori. Fundi Lukumani atapanda nasi na atakaa mbele pamoja na shangazi. Amesema atazuia mlango wa kanisa kama kawaida ya mtani, kwa hiyo kila mtu aje na kitu cha kuporwa. Mimi nitakaa nyuma na vyungu. Vyungu vitafungwa kwa kamba, na kamba ataikaza mtu mwingine.